Siku Moja Kome na Mama Mkwe

Jumanne, 8 Julai

Pampu imegoma tena. Nimeshinda duarani, kwenye shimo letu la kuchimbia, tangu asubuhi. Nimefungua, nimetoa tope, nimefunga, nimetukana kidogo. Sasa inavuta. Wachimbaji wameshuka kazini, mimi nimerudi nyumbani Kalangalala nikiwa na matope hadi masikioni.

Mke wangu Kabula kaniwekea maji ya moto ya kuoga, kisha kaniambia habari za mama yake. Presha ya macho. Daktari amesema jicho la kushoto basi tena, na la kulia nalo linakwenda. Dawa zitalichelewesha tu. Mama hakulia. Ameomba jambo moja: aende kisiwani Kome akamwone dada yake, na apande tena ule mlima wa mawe aliopanda akiwa msichana, mwaka dada yake alipoolewa huko. Ukiwa juu unaliona ziwa lote, anasema. Baada ya hapo macho yafanye yanavyotaka.

Nikasema nitampeleka. Kabula alikuwa hajamaliza hata kusimulia.

Nilipovunjika mguu machimboni, mama huyu alifunga nyumba yake Tinde akaja kukaa kwangu mpaka niliposimama. Sisi Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai karibu, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Basi alipika uji, Kabula akauleta chumbani. Yeye alikaa nje, upande wa pili wa ukuta, akichambua mchicha na kuimba nyimbo za kanisani. Anaimba vibaya. Mimi nililala nikisikiliza, na zile nyimbo ndizo zilizonitoa kitandani. Sijawahi kumwambia asante. Mtu usiyeweza kumsogelea utamwambia vipi?

Jumatano, 9 Julai

Mipango. Napenda mipango.

Iwe Jumapili, maana Jumapili duara halifanyi kazi. Tuondoke bado giza, tupite Sengerema hadi Nyakaliro, tuwahi kivuko cha kwanza, turudi na cha mwisho. Basi halitufai. Kwa dada yake ni mbali na gatini, na mlima uko mbele zaidi. Pikipiki mama huyu hapandi ng'o. Lazima gari la kukodi, livuke nasi.

Tukifika, kwanza nyumbani kwa dada yake. Kisha ufukweni wakatie miguu majini. Samaki mchana. Jua likishapoa, mlimani. Kisha gatini. Siku imejaa, lakini inawezekana.

Nimekwenda kwa Masanja, yule mkodishaji magari. Nimechagua IST nyeupe. Haili mafuta, haina kelele, kiyoyozi kinafanya kazi. Nimeijaribu barabara ya Nzera, nikajiona bosi.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya.

Mama amefika mchana kutoka Tinde. Jioni nikaileta IST, nikaiegesha mlangoni, nikapiga honi kwa mbwembwe. Kabula akatoka. Akaitazama. Akafungua mlango wa nyuma, akachungulia.

"Baba Pendo, na mama atakaa wapi?"

Hapo ndipo nikaona. Kigari kile! Akikaa nyuma, goti lake liko mgongoni kwangu na pumzi yake shingoni. Akikaa mbele, afadhali tusiseme. Nilipima mafuta, nikapima muda wa kivuko, heshima sikuipima. Mpumbavu mimi.

Mama alikuwa amekwisha kuiona. Akazunguka nyuma ya nyumba. Baadaye ujumbe ukaja kupitia kwa Kabula: anashukuru kwa moyo wangu, kesho kutwa atapanda basi arudi Tinde.

Nimempigia Masanja. Gari kubwa la Noah analo moja, limekwenda na harusi Chato. Madereva wake nao wako huko huko. Kabula hajui hata kuwasha gari. Nikasema labda Jumapili nyingine. Kabula akaniambia mchana huu mama alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina.

Sijala. Nina hasira na mtu mmoja tu, naye anaandika hapa.

Jumamosi, 12 Julai

Mungu yupo.

Noah imerudi kutoka Chato saa za jioni. Ndani kuna maputo, wali umemwagika sakafuni, inanuka manukato ya bibi harusi. Nimeiosha mwenyewe kwa furaha. Ina safu tatu. Mama atakaa safu ya nyuma, Kabula katikati, na nyuma ya Kabula tumefunga khanga kama pazia.

Mama amekuja kuikagua. Akapapasa siti kwa mkono, akavuta pazia, akaingia kukaa. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kwenye mpapai, nasubiri hukumu. Hakutoka haraka. Kisha akamwambia Kabula jambo, Kabula akacheka.

Kilikuwa kioo. Kile cha ndani, cha dereva. Pazia halikufika juu, na kwa kioo kile tungetazamana njia nzima. Nimekigeuza kitazame paa. Nitaendesha kwa vioo vya pembeni.

Mfuko wake umekwisha kupakiwa. Ameweka na kitenge kipya. Nashukuru, nashukuru.

Jumapili, 13 Julai

Nimechoka, ila nikilala bila kuandika nitajuta.

Tuliwahi kivuko. Upepo ulikuwa mkali, na Kabula, binti wa nchi ya ng'ombe, alianza kutapika kabla hatujafika katikati. Alitapika mpaka ng'ambo. Mama alisimama mbele kabisa ameshika chuma, kitambaa kinapepea. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Kivuko kizima kilikuwa kati yetu, na bado nilijua kwamba anafurahi. Mgongo wake ulisema.

Dada yake alikuwa amekaa mlangoni. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akausogeza kwenye jicho lile linalobaki. Akautazama pole pole, paji, mashavu, kidevu. Dada mtu akamwacha atazame. Mimi nikaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Nililia, niseme nini.

Dada naye ni mama mkwe wangu, kwa hiyo pazia likahudumia wawili. Niliwapeleka ufukweni, wakatia miguu majini wameshikana, wakapiga kelele kama wasichana. Kabula tulimwacha kitandani. Kila akiinua kichwa, nyumba inazunguka.

Samaki walikuwa watamu. Nilikula peke yangu chini ya mchungwa, kama inavyotakiwa.

Kisha mlima. Dada akasema magoti yake hayapandi hata ngazi. Wengine wa nyumba ile walikuwa msibani. Kabula akajaribu kusimama, akaangukia ukuta, akaanza kulia kwamba yeye ndiye ameharibu. Hakuna wa kumshika mama mkono. Nikaangalia saa. Kivuko cha mwisho hakingojei mtu.

Nikajua tunarudi.

Mama akachukua fimbo yake. Akapapasa hadi kwenye Noah, akafungua mlango, akakaa safu ya nyuma, akavuta pazia. Dada yake akaziba mdomo kwa kiganja. Ndani ya gari tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nikafungua madirisha yote. Sikuwasha hata redio.

Chini ya mlima alishuka akatangulia, mimi nikabaki nyuma sana. Alikwenda vizuri mpaka njia ilipokuwa mawe matupu. Pale akasimama. Akagusa mbele kwa fimbo, ikagusa hewa. Akagusa kulia, hewa. Alisimama pale bila kugeuka, nami nikasimama bila kusogea.

Kisha fimbo ikaja nyuma. Aliishika ncha moja, ncha ya pili akainyoosha kwangu, uso bado mlimani.

Nikaishika. Nikapita pembeni, nikatangulia, nikamvuta taratibu. Mimi nashika huku, yeye anashika kule, katikati mti. Hatukugusana. Hatukutazamana. Penye jiwe kubwa nilisema "jiwe", penye shimo nikasema "shimo". Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake tangu nimwoe binti yake.

Juu kulikuwa na upepo na mwanga wa jioni. Akageukia ziwa, nami nikageukia huko huko, tukiwa na urefu wa fimbo kati yetu.

"Vile vyeupe kule ni mawe?" akaliuliza ziwa.

"Ni matanga ya mitumbwi, mama."

"Na ule weusi?"

"Kisiwa kingine. Kina miti hadi majini."

Akauliza kimoja kimoja, nikajibu kimoja kimoja. Mashamba ya mihogo. Moshi wa wanaokausha dagaa. Paa jipya la bati linalomulika. Alikuwa anahakikisha, nadhani. Anaona kidogo, anauliza, anaweka.

Nikasema, nikiwa nalitazama ziwa vile vile, "Wabeja, mayu. Kwa ule uji." Asante, mama, kwa Kisukuma. Ndiyo iliyotoka.

Kisha akasema, "Mguu umepanda mlima. Basi ulikuwa uji mzuri."

Tulimpitia Kabula, na kivuko cha mwisho tulikipata tukiwa gari la mwisho kuingia.

Jumatatu, 14 Julai

Mama amepanda basi la asubuhi kurudi Tinde. Alinipungia mkono, pembeni kidogo ya pale nilipokuwa.

Nimerudisha Noah. Masanja akakiona kioo. "Sasa wewe, huko nyuma ulikuwa unaonaje?" Nikamwambia niliona yote.

Mguu unauma. Na uendelee tu.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua bado. Vumbi tupu. Nilikuwa naosha mpira wa pampu uani, simu ya Kabula ikalia. Tinde.

Jicho la kulia limefunga juzi. Kabula alikaa chini pale pale uani. Mama hakutaka pole nyingi. Alisema atafundishwa kuhesabu kuku kwa sauti zao. Kisha akasema, "Mwambie dereva aniambie tena."

Kabula akaniwekea simu juu ya ndoo iliyogeuzwa, sauti kubwa, akaingia ndani.

Nikasogea nikakaa chini kando ya ndoo. Nikaanza na mawe ya njiani, nikasema jiwe, nikasema shimo, mpaka tukafika juu. Nikamwambia matanga. Nikamwambia kisiwa chenye miti hadi majini, mihogo, moshi wa dagaa. Nikasahau lile paa la bati, akanikumbusha.

Nilipomaliza hakukata simu. Alianza kuimba, vibaya kama zamani. Nikaendelea kuosha mpira.