Chumvi Imeshika Kwenye Chupa

Madam Jeruto,

Nakuandikia nikiwa kwa ile benchi ya nje ya ofisi ya hedimasta, ile yenye mguu umelegea. Nimeitwa. Mwenyekiti wa bodi yuko ndani na mlango umefungwa, nasikia tu sauti yake. Wewe ndiye ulinifunza kazi nikiwa msichana mgeni kutoka Bungoma, hata kuimba mbele ya watoto naona haya. Basi acha nikueleze wewe kwanza kabla sijawaeleza hao.

Miezi mitano tangu tukuzike kule Kapseret. Kiti chako kimechukuliwa na deputy, na ua lako la dirishani limekauka, hilo ni kosa langu. Lakini mchezo wako wa mahindi sikuuacha. Gredi ya nne wameuimba wote, kutoka mbegu mpaka stoo. Wale waliokuwa wakisinzia ukiandika "unyevu" ubaoni, sasa wakiimba unyevu unaona kabisa wameelewa. Yule kijana mrefu anaigiza Mvua. Kuvu amevaa soksi zako za kijani. Na Faith, kale kasichana ka meno mawili yaliyotoka, ndiye Chumvi.

Chupa pia tuliziweka. Haki, ni wewe tu ungefikiria kugeuza kipimo cha wakulima kuwa kayamba! Chupa ya soda iliyokauka, mahindi kidogo, vijiko vya chumvi, halafu watoto wote: "Tikisa! Weka chini! Ngoja!" Wanaimba wimbo mzima wakingoja, kisha wanainua chupa kwa mwanga. Chumvi ikianguka chini, mahindi yamekauka. Ikishika kwenye kioo, yana maji, na kuvu iko njiani. Ulikuwa unasema wakisahau nyimbo zako zote, hiyo chupa wasiisahau.

Mahindi ulikuwa unayatoa kwako nyumbani kila mwaka. Safari hii haupo, nikaenda stoo ya shule. Ni mahindi ya mwenyekiti, yale aliyotuletea baada ya kuvuna mvua ikinyesha, na sote tukampigia makofi. Mimi nilipiga zaidi, unanijua.

Jumanne, katikati ya mazoezi, Faith akaacha kuimba. Akasema, "Tichaa, chumvi imeshika."

Nikamwambia atikise tena. Akatikisa. Nikaangalia za wenzake, chupa kumi na mbili, zote nyeupe kwa ndani. Halafu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Si hii ndiyo tunakula?"

Madam, unajua nilifanya nini? Niliwaambia waendelee kuimba. Na saa ya lunch nikachota sahani yangu ya githeri, mahindi hayo hayo na maharagwe, nikala mbele yao, nikitabasamu, ndio wasiogope. Woi. Ilikuwa chungu kidogo kwa ulimi na nikameza.

Jioni nilimfuata Mama Rispa, mpishi wetu, jikoni. Alikuwa anaosha sufuria na hakutaka kuniangalia. Ndipo akanitolea ya moyoni: kuku wake wanaokula mabaki wamekufa watatu. Halafu mbwa. Alinyamaza kwa sababu ya kazi. Alinipeleka stoo, akaniambia niingize mkono ndani ya gunia. Lilikuwa na joto, Madam, kama mtoto mwenye homa.

Usiku huo nililala pale kwangu mtaa wa West Indies na taa ikiwaka. Nilikuwa nakumbuka macho yako. Vile yalivyogeuka manjano tukadhani ni uchovu, vile tumbo lilivyovimba, vile daktari alisema ni ini, na sumu ya kuvu nasikia hula ini. Miaka kumi na tisa ulikula na watoto, sufuria moja nao, ukikataa chai ya staffroom. Sasa mahindi ya miaka hiyo yote nani aliyapima? Sisemi kitu, mimi si daktari. Lakini nimeogopa, nimeogopa sana.

Nilienda kwa hedimasta. Akafunga dirisha kwanza. "Nekesa, toa hiyo wimbo ya chupa, weka densi. Mgeni wa heshima ni mwenyekiti." Na mimi, Madam, nilisema sawa. Nikawaambia watoto chupa zimetolewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na hapo ndipo niliona aibu.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Waliimba vizuri mpaka walipofika mahali pa densi. Faith akatoa chupa ndani ya sweta. Akashuka kutoka jukwaani peke yake, akamwekea mwenyekiti mkononi, na nyuma yake darasa zima likaanza: "Tikisa!" Wazazi wakacheka, naye akacheka, akatikisa. "Weka chini!" Akaweka mezani. "Ngoja!" Wakaimba wimbo wote wa kungoja, hawakuruka hata mstari mmoja. Kisha Faith akainua chupa kwa mwanga wa dirisha, nyeupe kwa ndani.

Wale ni watu wa mahindi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia mama mmoja huko nyuma akianza kuita mtoto wake kwa jina, polepole, mara tatu.

Nilidhani basi, imeisha. Leo saa sita nikasikia harufu ya githeri. Magunia ni yale yale. Kengele ikalia, watoto wakapanga laini na sahani zao. Faith akaiweka yake chini kwa nyasi. Aliyemfuata akaweka. Laini nzima, Madam, mpaka wale wadogo wanaolia njaa. Wakageuka kuniangalia mimi.

Nilichukua upawa mkononi mwa Mama Rispa na nikafunika sufuria. Nikawagawia mikate ya kantini, haikutosha. Ndio maana niko kwa benchi hii.

Nakuahidi hiki kimoja: hata wakinifukuza leo, hakuna mtoto wako atakula kutoka lile gunia mimi nikiwa na miguu. Nitapita nyumba kwa nyumba na chupa. Lala salama, Madam wangu, na unisamehe ile sahani ya Jumanne.

Sauti ndani imenyamaza. Chupa ya Faith ninayo. Nimeitikisa, nimeiweka chini hapa kando yangu, na sasa nangoja mlango ufunguliwe.

Nekesa wako