Uso Nyuma ya Pazia

Lubumbashi

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya hapa. Mwili mzima, ila moyo haujatulia.

Kabwe, jirani wa kaka, aliazima kamera ya video akapiga filamu isiyo na hadithi: mikono tu, ikipinda nyaya za shaba mbele ya pazia. Pazia nililishona mimi, kwa viraka vya nguo kuukuu za wifi. Kimoja kilikuwa na picha, nikakigeuza ndani nje. Sikujua kwamba hapa kitambaa cha chama hakikatwi penye uso wa mtu.

Jana jioni tulikaa uani kwa Kabwe kuitazama kwenye televisheni, mkubwa wa chama mtaani akiwa kiti cha mbele. Kumbe Kabwe aliweka taa nyuma ya pazia ili rangi ziwake. Mwanga ukapenya, uso wa Rais ukatokea kichwa chini, hauna sikio. Watu wakaacha kutafuna karanga.

Mkubwa akauliza, "Ni nani alishona ile rido?"

"Ni mimi, baba."

Akatazama mpaka mwisho. "Iko muzuri. Kesho ulete ku biro."

Wifi anataka nikifumue kile kiraka. Kaka anasema nikifumua nitakuwa nimekiri. Basi pazia nalipeleka ofisini kwake asubuhi hii kama lilivyo.

Kadi hii anakuletea Mama Saada anayesafiri kuja huko, si posta. Mwambie mama nakula bukari, ndio ugali wa hapa, na samaki mpaka nimenenepa. Usimwambie kwamba nimevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, endapo watanilaza huko ofisini.

Dada yako,
Mwanaidi