Kipande Ulichotaka Nikikate

Kaka,

Salamu sitazirefusha, maana matusi yako ya juzi kwenye simu yalionyesha kuwa u mzima wa afya. Sisi tupo. Paa la jikoni limezibwa, na kamera yangu imepata betri mpya.

Uliniagiza nimtoe mama mtoto kwenye video ya fainali ya wasichana. Ukasema, "Huyo mwanamke nilishamwacha, sitaki kumwona wala kumsikia." Nami mjinga nikajaribu. Binti yako alidaka penalti ya mwisho, akavua glavu, akakimbia pembeni kumkumbatia mama yake. Nikakata hapo hapo. Vigelegele vya mama nikavifunika kwa muziki. Mtoto akabaki anakimbia mikono wazi, asifike kwa mtu.

Jana mchana aliingia chumbani nikiwa nahariri.

"Shangazi, mbona mama hayumo?"

"Baba yako hataki."

Hakulia. Alichukua kipanya cha kompyuta, akatafuta kipande alichokurekodia wewe baada ya mechi, kile anachosema, "Baba, tumeshinda, njoo unione." Akakifuta. Ningeweza kumzuia, lakini sikumzuia.

Basi, ndani ya bahasha kuna flashi yenye mechi nzima. Mama yake yumo, na vigelegele vyake vyote. Salamu alizokurekodia hazimo. Usithubutu kumpigia mtoto kumuuliza. Nipigie mimi, nina majibu ya kukutosha.

Ni mimi dada yako, nisiyekuogopa tena