Wimbo wa Kuku Kabla Hujazikwa

Dada Nekesa,

Bado uko hapa Dallas, chumba cha maiti, tukingoja karatasi za kukusafirisha Bungoma. Nakuandikia kabla hujaondoka, maana kuna jambo nimelifanya na sitaki ulisikie kwa watu.

Tangu ufe, Miss Ruth amekataa chakula. Unamjua mgonjwa wako, bibi kizee tuliyemtunza pamoja huku Irving, kando ya Dallas: haweki kitu mdomoni mpaka aimbiwe ule wimbo wa kuku anayegoma kutaga mpaka anunuliwe kofia, kichekesho cha filamu ya Hollywood aliyoitazama akiwa msichana, enzi sinema zilipoanza tu kuimba. Wewe ulikuwa unapiga viwiko kama mbawa, naye akifungua mdomo kuitikia "ko-ko-ko", kijiko kinaingia. "Usi-rush, Wafula. Ngoja ameze," ulikuwa ukiniambia. Mimi nilisimama nyuma yako na trei, nikiona aibu kwa niaba yako.

Jumatatu nikapewa nimlishe. Sikuimba. Kwetu mtu hafanyi vichekesho na maiti haijazikwa. Nilinyamaza kwa heshima yako, naye akafumba midomo. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano daktari akamwambia mwanawe kwamba asipokula kesho, atawekewa mrija wa kumlishia tumboni. Nilikasirika, dada. Nilikukasirikia wewe hasa, kwa kuniachia kazi isiyopatana na msiba.

Leo mchana mwanawe alisimama mlangoni na fomu ya kuidhinisha mrija, kalamu tayari. Nilisogeza kijiko, akafumba midomo, uji ukamwagikia shuka. Nikaweka bakuli chini, nikainua viwiko, nikaimba. Sauti yangu unaijua, ya chura. Kwenye ubeti wa pili machozi yakanitoka huku napiga mbawa, na Miss Ruth akadhani kulia nako ni sehemu ya mchezo. Akacheka. Akafungua mdomo. Alimaliza nusu bakuli, na mwanawe akaondoka bila kutia sahihi.

Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Wazee wakisikia watasema nimepotea huku Marekani.

Jumamosi nitakusindikiza hadi uwanja wa ndege, kisha nitarudi Irving kabla ya saa sita, saa yake ya kula. Nenda salama, dada yangu. Nitamwimbia kila siku, na kilio chako nitakilia akishashiba.

Wafula