Ng'ombe wa Nkwabi Wamerudi

Bariadi, Jumamosi, Juni

Leo jua limetoka bila joto, na upepo wa kiangazi umelivusha vumbi la barabara ya mnadani hadi mezani kwangu. Nimelifuta mara kadhaa, kisha nikaliacha. Akili yangu haiko mezani. Iko bado kwenye zizi la Mzee Masanja, nilikosimama asubuhi ya leo nikishuhudia jambo ambalo elimu yangu yote ya uhasibu haikunitayarisha kulielewa.

Nianze na hali ilivyokuwa. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mpira ya mji huu. Klabu yetu haina mali inayozidi mipira na nyavu za magoli. Fedha zake hutoka kwenye pamba: tangu soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kugombea wakulima, kampuni moja ilikubali kutuchangia kidogo kwa kila kilo inayonunua, ili ipendwe. Msimu uliopita wanunuzi walishindana hadi bei ikapanda kwa namna ambayo wazee hawakuwahi kuiona, na sisi tukapata fedha ambazo hatukuwahi kuziota.

Tukasajili wachezaji kama watu wanaoamini kwamba mvua ya mwaka ule ingenyesha daima.

Mapato yetu huja mara moja kwa mwaka, pamba inapouzwa. Mishahara huja kila mwezi. Niliieleza kamati tofauti hiyo kwa utulivu, na kamati ilinisikiliza kwa heshima. Kisha ikapanga safari ya Mwandoya kwenda kumchukua Nkwabi.

Nkwabi ni mshambuliaji. Timu ya wilaya jirani ilikuwa imeahidi kwao ng'ombe wanane. Mzee Masanja, mwenyekiti wetu, alikwenda na wazee wenzake kwa baba wa kijana, Mzee Sitta, kama watu waendao kuposa. Walikaa, walikula, wakazungumzia malisho. Hakuna aliyeshusha bei. Kushusha kungekuwa aibu ya ukoo mzima. Wakatoa kumi na wawili kabla hawajaombwa. Tangu siku hiyo Masanja na Sitta wakawa wanaitana wakwe, na watu wakacheka kwa furaha.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, nikapeleka kwenye kamati mshahara wa Nkwabi.

"Mshahara tena?" Masanja aliuliza. Alikuwa ameshangaa kwelikweli. "Mama mhasibu, huyu si tulishamtolea ng'ombe?"

Hakuwa mjinga. Kwa maisha yake yote, mahari ilitolewa, ikaisha, na mtu akawa wa nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mchezaji hutolewa mahari, kisha hutolewa tena kila mwisho wa mwezi. Wala hilo halikuwa kosa la wazee wa hapa peke yao. Nadhani hata klabu zenye majengo na mawakili hulifanya, ila wao wana maneno mazuri zaidi ya kulifunika.

Mwaka huu bei imeanguka. Kampuni iliyotuchangia imefunga vituo vyake vya kununulia na kuondoka. Wachezaji wanne waliotoka mbali, na Nkwabi pia, wamekaa miezi bila malipo. Mwenye nyumba wao ametia kufuli kwenye mlango mmoja. Na mikataba yote ina saini ya Masanja kama mdhamini, kwa sababu hakuna aliyeiamini klabu, bali kila mtu aliliamini zizi la mzee huyo.

Kwa hiyo Jumatatu ng'ombe wake walikuwa waende mnadani. Siyo baadhi. Wote, pamoja na wale wa maziwa ya watoto. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa hazungumzi naye tena. Alimwekea chakula na kuondoka.

Asubuhi ya leo kamati ilikutana palepale kwenye zizi ili tukadirie bei. Nilikuwa nimesimama kando ya Masanja aliyekuwa akiwatazama ng'ombe wake bila kuwagusa, tuliposikia njuga. Kundi lilikuwa likija kutoka upande wa kusini, na nyuma yake mzee mrefu, fimbo mabegani, miguu imefunikwa na vumbi hadi magotini. Mzee Sitta alikuwa ametoka Mwandoya kwa miguu, akalala njiani, kijijini Nkoma.

"Mwangaluka, mkwe," alisema.

"Mwangaluka," Masanja alijibu kwa sauti ndogo. "Unawapeleka wapi hao?"

"Wapi? Si wako hawa? Binti akirudi nyumbani, ng'ombe nao hurudi. Nimesikia mmeshindwa kumtunza kijana. Nimekuja kumchukua."

Nilihisi ni wajibu wangu kusema. Nilimweleza kwamba kwa mujibu wa mkataba hadaiwi chochote. Klabu ndiyo inayodaiwa na mwanawe.

Alinitazama kwa upole. "Mayu, mama yangu, huo mkataba unajua kwamba Nkwabi amelala njaa?"

"Haujui, baba."

"Basi mimi nao hatujuani."

Wazee walicheka, hata Masanja. Kisha Sitta akanyoosha fimbo kwa ng'ombe mweusi aliyekuwa pembeni, akasema huyo hakuwa miongoni mwa waliopelekwa: mmoja wa kumi na wawili alikufa kwa ukame, na huyo amemtoa kwake.

Hakuna aliyecheka tena.

Sijui niieleze vipi hali iliyonipata. Nimezoea kuona watu wakitafuta njia ya kutolipa wanachodaiwa. Sikuwahi kumwona mtu akitembea nchi yote ile kulipa asichodaiwa, na kufidia hata kilichouawa na jua. Nilisimama mdomo wazi kama mtu anayeuona mlima kwa mara ya kwanza. Mama Kulwa alitoka jikoni na maji, akapiga goti kumpa mgeni, na alipoinuka alimwambia mumewe, "Umkaribishe mkwe wako, unamwangalia nini?" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa siku nyingi.

Wazee waliafikiana papo hapo: hao kumi na wawili ndio watakaokwenda mnadani, wale wanne waliotoka mbali walipwe na waachiwe huru, na zizi la Masanja lisiguswe. Kwa kubana, watatosha.

Ndipo Nkwabi akaja. Mtu alikuwa amemwita. Alisimama mbele ya baba yake na begi la viatu mkononi.

"Baba, kesho tuna mechi."

"Utalipwa na nani?"

Nkwabi alilihamisha begi mkono wa pili.

"Cheza ya kesho," Sitta alisema. "Jumatatu kuna pamba shambani." Akamgeukia Masanja: "Na hilo deni la mishahara yake achaneni nalo. Limekwisha."

Masanja alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Nami macho yalikuwa yamejaa machozi.

Sasa ni jioni, na mshangao wangu haujapungua. Lakini kadiri ninavyourudia mkutano ule, naona pengo moja ambalo heshima yetu sote ililifunika. Ng'ombe walikuwa wa baba, na baba amewarudisha kwa ukarimu utakaosimuliwa. Miguu iliyocheza miezi yote ile haikuwa ya baba. Deni lililofutwa leo halikuwa lake kulifuta, na anayedai alikuwa amesimama pale na begi lake, wala hakuna aliyemgeukia, nikiwamo mimi.

Kesho nitafika uwanjani kabla ya timu. Nitamtafuta Nkwabi, nimwite pembeni, nimuulize yeye mwenyewe anataka nini.