Aliyesimama Kwenye Maduara Mawili

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia hapa Murusagamba. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na maharage yanakaribia kuvunwa.

Unauliza kuhusu somo lako la hesabu, kwa nini kitu kilicho katika seti zote mbili huandikwa mara moja tu kwenye muungano wa seti hizo. Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa mwalimu katika kijiji cha ujamaa, Biharamulo. Kundi moja la wanakijiji lililima mashamba ya wake wa askari, jingine ya waliopokea watu waliokimbia mapigano. Jirani yangu Mama Kabula alikuwa na mume vitani na nyumba iliyojaa wageni. Mvua zikaanza, shamba lake bado pori.

"Kila kundi linadhani nitalimiwa na wenzao," aliniambia.

Kwenye mkutano wa kijiji nilichora chini maduara mawili yaliyoingiliana, moja la wake wa askari, jingine la wenye wageni, nikamsimamisha Mama Kabula pale yalipoingiliana.

"Huyu ni wa duara lipi?"

Mwenyekiti alijibu, "Ni wa yote mawili."

"Basi tumlimie mara mbili?" mzee mmoja akauliza.

"Shamba lake ni moja, mzee wangu," nikamjibu. "Alimiwe mara moja, ila asirukwe."

Asubuhi makundi yote mawili yalifika na majembe. Mama Kabula alipanda mahindi siku ileile, akiimba Kisukuma.

Kwa hiyo kitu hicho kiandike mara moja, mama, wala hujakipunja. Kosa ni kukiacha nje.

Bibi yako,
Skolastika