Mama Mkwe Hakunilisha Sumu

Mpendwa Bi. Jumwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako upesi kabla mume wangu Hamisi hajasikia haya kwa mtu mwingine. Mimi niliolewa Wenje, na baada ya mafuriko ya El Nino kusomba mahindi na migomba yetu ndipo tumbo lilipoanza, linavimba, linaunguruma, naharisha mpaka miguu inatetemeka, nikila kwa mama mkwe naugua, nikienda kwetu wiki mbili napata nafuu, nikirudi naugua tena, basi nikaona sihitaji mganga wa kuniambia, nikamwambia Hamisi mama yako ananitilia kitu kwenye chakula, anataka nife uoe yule binti aliyekuchagulia zamani. Hamisi akaniamini. Alisimama uani mbele ya majirani akamwambia mama yake mzazi, "Sitamzika mke wangu kwa ajili yako," na siku hiyo hiyo tukahamia huku Minjila, na tangu hapo hajakanyaga kwao, hata Idi.

Huku tunakula sima na samaki, nikanona kidogo, nikasema si mnaona? Lakini mwezi uliopita nilikula chapati mbili harusini, na kabla bi harusi hajatolewa nje mimi nilikuwa chooni nalia. Daktari wa hospitali ya misheni akanipima, akaniuliza chakula kimoja kimoja, akaniambia nisiguse ngano tena maishani. Nimeacha, na wallahi sijawahi kuwa mzima hivi, nalala, nacheka, nguo zinanikaa. Ndipo wiki iliyopita wifi yangu Swaleha akaja kunitazama, nikamsimulia, akashika mdomo. Kumbe mama alikuwa akinitilia unga wa ngano wa msaada wa njaa ya mafuriko kwenye uji na kwenye mchuzi, anauficha wajukuu wasiuone, yeye mwenyewe anakula maembe mabichi, kwa kuwa aliniona nakonda, na kila nilipozidi kukonda akaongeza kijiko.

Sijamwambia Hamisi. Nikimwambia ataniacha, maana mimi ndiye niliyemfanya amvunjie mama yake heshima. Na mara nyingine najiambia, mbona ni kweli chakula chake ndicho kilichoniumiza? Si uongo wote. Nifanye nini?

Mwenye Aibu, Minjila

*

Dada yangu, marahaba. Pole kwa mateso, na hongera kwa kupona. Nimefurahi kwa dhati, maana wapo wanaoharisha miaka na miaka bila kujua wanachokila.

Sasa nikuseme. "Si uongo wote"? Koma kabisa! Hukusema chakula kimekukataa, ulisema mama wa watu anataka kukuua. Hilo ni lako peke yako, usiutwike unga.

Mwambie Hamisi leo, akishakula. Swaleha anajua, na Hamisi akilisikia kwa dada yake utakuwa umemdanganya mara mbili. Atafura, pengine atalala barazani siku tatu. Mwache alale. Mwanamume aliyegombana na mama yake ili wewe uishi hatakuacha kwa sababu umeishi. Naye ana radhi yake ya kuomba, msimsukumie mama mzigo wa kuwafuata.

Kisha mwende Wenje nyote wawili, mchana, na wale majirani waliosikia tusi waitwe wasikie toba. Usiseme "tulikosa kuelewana." Sema, "Mama, nilikusingizia." Habari ya ngano mwambie pia, usimfiche eti usimwumize, kwa sababu ndiye atakayekupikia. Mwambie hakuna aliyejua, hata wewe mwenye tumbo hukujua. Atalia. Lia naye.

Na ngano yenyewe isikuchezee. Chapati na mahamri unayaona kwa macho. Hatari ni ile usiyoiona. Mchuzi ukiwa mzito uliza umetiwa nini. Viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta ya mahamri, acha. Tambi ni ngano, sambusa ni ngano, na unga wa uji wa kununua huwezi kujua umechanganywa na nini. Mahindi yako usipeleke kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, yatwange mwenyewe au tafuta mwenye mashine ya mahindi tu. Mwiko na sufuria vioshwe kwanza. Na ukiambiwa "kidogo tu hakidhuru," kataa kwa adabu, anayesema hivyo si yeye atakayekimbilia chooni.

Huko Wenje usikae kama mgeni ukisema umeshiba. Ile siku mumeo aliposimama uani, kila jirani alijua chakula cha mama huyo hakiliki, na maneno matupu hayatawatoa hilo kichwani. Mwombe akupikie wali na samaki, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Akishapakua, kaeni pale pale uani, wote wanawaona, ule mpaka sahani iwe nyeupe.